Mdai Mwenye Kofia Nyeusi

Saa moja kasoro, giza halijaamua kuondoka,
amekwisha kufika.
Anagonga kioo cha jikoni mara tatu,
ananikagua kwa jicho moja, kisha kwa la pili,
kama karani wa benki aliyeishiwa na subira.

Gramu kumi na moja.
Najua, kwa sababu alijipima mwenyewe
juu ya mizani ya unga ya marehemu Ozélie,
dirisha likiwa wazi, mkate ukiumuka,
nami nina kinyunya hadi kwenye viwiko.
Mshale ulitikisika, ukaona haya kusema zaidi.
Akanya papo hapo, akaenda zake.
Ukiitoa hiyo, labda kumi na nusu.

Majirani wa ng'ambo ya mto humwita kwa mlio wake, chikadii.
Ozélie alimwita mdai.
"Mdai wako yuko mlangoni," angesema,
huku mwenyewe ameshavaa buti.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku ya tatu jembe alinipa mimi:
lima theluji, fungua njia hadi kwenye mtufaha,
jaza kilishio, na ziwe alizeti nyeusi,
maana zile zenye milia
huzitupa chini moja moja huku akinitazama.

Kindi humwogopa paka, paka humwogopa mbwa wa Gédéon.
Yeye hunyofoa manyoya ya mbwa wa Gédéon
mbwa akiwa ndani yake.

Januari ile niliyovunjika nyonga
theluji ilipanda hadi kwenye kitasa.
Kilishio kikaning'inia kitupu siku nne.
Siku ya tano Mérilda, binti wa dada yangu,
alifungua mlango aingize kuni,
na mdai akapenya chini ya kwapa lake,
akaizunguka taa, akaipita picha ya askofu bila heshima,
akatua juu ya gongo langu.

Akanitukana.
Sina neno jingine la kutumia.
Chi-ka-dii-dii-dii, na dii nyingine, na nyingine,
nikahesabu saba.
Sasa, mtu aliyewasikiliza miaka arobaini
anajua kwamba dii mbili ni habari za asubuhi,
na saba ni bundi.
Basi bundi nilikuwa mimi.

Mérilda alicheka mpaka kuni zikamponyoka.
Akamwaga alizeti kwenye ukingo wa kofia yangu,
akanivika, akanisukuma hadi kizingitini
na kiti changu, blanketi, vidonge na ghadhabu zangu zote.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nilisikia kucha juu ya utosi, nyepesi
kama jambo unalotaka kulikumbuka.
Alichukua punje, akaiangusha,
akachukua nyingine iliyo nzito zaidi.

Huzificha kwenye nyufa za ghala,
hapa moja, kule moja, mamia,
na mwezi ukipita huenda moja kwa moja zilipo.
Mimi pete ya Ozélie niliiweka mahali salama
siku ya mazishi, nikisema sitasahau.
Nimebomoa hadi sakafu ya stoo.

Mei nilikaa nje kichwa wazi,
gongo limelala kwenye nyasi.
Akaja. Mbegu zilikuwa tele, hakuzitazama.
Alizikamata mvi tatu juu ya sikio langu
akajitia nyuma, mabawa yakipiga,
kama mtoto anayeng'oa karoti kubwa kuliko yeye.
Mbili zikatoka. Machozi yakanitoka pia,
ya maumivu, nadhani.

Nikamwambia, haya, tandikia watoto,
lakini deni limekwisha, unasikia?
Aligeuza kichwa, mvi zimemtoka mdomoni
kama masharubu ya mzee Gédéon.

Dii, akasema.

Moja tu.
Hiyo sijawahi kuijua maana yake.